Kupanda Magenge ya Bahari Tanga Bila Kuwafukuza Ndege Wanaotaga: Mwongozo wa Ruhusa, Maji na Viota

Magenge ya bahari ya Tanga si marefu. Sehemu za Ras Kazone, Mwambani, visiwa vya Toten na Yambe, hadi upande wa Kigombe na Pangani, pwani imejengwa kwa mwamba wa matumbawe ya kale uliobaki juu baada ya bahari kushuka, na mahali pengi mawimbi yameula mwamba huo kwa chini mpaka ukaacha upenu unaoning'inia juu ya maji. Mita chache tu za mwamba wa namna hiyo zinatosha kumpa mpandaji kazi ya mikono na moyo, na zinatosha pia kumpa ndege mahali ambapo nyoka, panya na mtoto mtundu hawafiki kwa urahisi. Ndiyo maana mpandaji na ndege hukutana palepale, kwenye upenu, kwenye ufa na kwenye kishubaka.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyafikia magenge hayo kwa ruhusa, kwa usalama na bila kuharibu uzazi wa ndege. Msimamo wangu niueleze mapema, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zimeujengea juu: ziara ya kwanza kwenye genge lolote ifanyike bila kamba. Mtu aliyekwisha kubeba vifaa, akalipia boti na kuwakusanya wenzake, hawezi kulitazama genge kwa haki. Moyoni ameshaamua kupanda, na kila dalili ya kiota atakayoiona ataitafutia maelezo ya kuipuuza. Aliyekuja na darubini, daftari na chupa ya maji peke yake hana cha kupoteza akisema kwamba genge hili lisipandwe sasa.

Hatua ya kwanza: Tambua genge liko chini ya mamlaka ya nani

Sehemu kubwa ya bahari ya Tanga iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994. Hifadhi hiyo inafuata pwani kwa takriban kilomita 100, kutoka mlango wa Mto Pangani kuelekea kaskazini hadi kupita jiji la Tanga, na ndani yake vimo visiwa vya Toten, Yambe na Karange. Jina lake limetokana na silikanti, samaki wa kale wa maji ya kina aliyekuwa akinaswa na nyavu za wavuvi wa huku, lakini ulinzi wake haumhusu samaki huyo pekee. Mtu anayekwenda kwenye kisiwa kilichomo ndani ya mipaka anaingia hifadhini hata kama nia yake si kuvua wala kuzamia. Kwa hiyo aanze katika ofisi ya hifadhi, aeleze shughuli yake kwa jina lake halisi, yaani kupanda mwamba, na alipe kiingilio kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali atakayopewa, wala si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu.

Nje ya hifadhi yapo mambo mengine ya kuyakagua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka pwani. Atakayetaka kutoboa mwamba na kuacha chuma ndani yake ajue kwamba anaingia katika eneo hilo la kisheria. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inamhesabu ndege kuwa mnyamapori, na ulinzi wake unafika hadi kwenye yai na kinda. Magofu ya Tongoni, magofu ya Toten na Mapango ya Amboni ni malikale, na malikale hazipandwi. Amboni nalitaja kwa makusudi, kwa kuwa kuta zake za mawe ya chokaa huvutia sana macho ya mpandaji: yale ni mapango ya kutembelewa pamoja na mwongozaji, yana popo wengi, na yana mahali ambapo watu huenda kuomba. Maeneo ya bandari, na rasi ya Chongoleani ambako kumejengwa kituo cha mwisho cha bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima nchini Uganda, yaachwe kabisa kwa sababu za kiusalama.

Viwanja vya watu binafsi na vya hoteli vilivyopakana na genge havihitaji maelezo marefu. Bisha hodi, omba njia ya kupita, na ukikataliwa usizunguke kwa nyuma.

Hatua ya pili: Nenda kijijini kabla ya kwenda kwenye mwamba

Kibali cha hifadhi hakimalizi kazi. Genge lina majirani, na majirani hao wanalijua kuliko ramani yoyote. Mjini utaanza kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa; vijijini utaanza kwa mwenyekiti wa kijiji na afisa mtendaji, kisha watakuelekeza kwa kikundi cha wavuvi kinachosimamia rasilimali za bahari, ambacho kila mtu dikoni, yaani pale vyombo vya wavuvi vinapotia nanga, anakiita BMU. Usiende Ijumaa mchana, kwa kuwa wenyeji watakuwa msikitini, na usiende na kundi zima la watu waliovaa nguo za michezo. Watu wawili wanatosha, na mmoja wao awe mtu wa Tanga.

Barua iandikwe kwa Kiswahili, kurasa moja isizidi, ikieleza ninyi ni nani, mnataka genge lipi, kuanzia tarehe ipi hadi ipi, mtakuwa watu wangapi, mtatumia chombo gani, na jambo ambalo wengi hulisahau: mtafanya nini mkikuta kiota. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayobadilisha mazungumzo. Kiongozi wa kijiji akisoma kwamba kundi limejiwekea sharti la kuondoka lenyewe, anaelewa kwamba hatalazimika kuwafukuza.

Mazungumzo ya dikoni nayo yana thamani yake. Katika diko moja kusini mwa jiji tulimkuta mzee akishona wavu kivulini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kununua samaki?"

"Hapana mzee. Tunaomba kulitazama lile genge la pale mbele. Baadaye, kama hakuna viota, tungependa kulipanda."

Mzee aliweka sindano ya wavu magotini, akatazama baharini kwanza. "Viota viko upande wa kule kwenye upenu, vile vidogovidogo. Upande wa huku hawatagi, wanasimama tu maji yakijaa. Lakini wakisimama, wanasimama wengi. Mkienda wakati huo mtawatesa bure."

Katika maneno hayo machache alitupa mambo mawili ambayo tungehitaji siku nyingi kuyagundua, yaani mahali pa kutagia na mahali pa kupumzikia. Muulize mzee wa namna hiyo pia kama kuna mzimu, kaburi au pango la kuombea karibu na genge. Ukikuta vitambaa vyeupe au vyekundu, chetezo, au harufu ya ubani mlangoni mwa pango, sehemu hiyo isipandwe wala kupigwa picha, na suala hilo lisijadiliwe kana kwamba lina nafasi ya kupunguziwa.

Hatua ya tatu: Panga siku kwa maji, si kwa kalenda ya likizo

Bahari ya Tanga hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu tofauti hiyo hupungua sana. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Hizo ni saa za kukadiria tu. Saa kamili zichukuliwe katika jedwali la maji la bandari ya Tanga, kisha zilinganishwe na maneno ya nahodha atakayewapeleka.

Jambo hili linamgusa mpandaji kwa njia tatu. Kwanza, sehemu nyingi za chini ya genge hufikika kwa miguu wakati wa maji kupwa peke yake, na maji yakianza kurudi huongeza kasi katika saa la tatu na la nne, hivyo mtu anayejiambia kwamba bado kuna nafasi hujikuta amezingirwa. Wekeni saa ya kuondoka kabla ya kushuka, na iwe mapema kuliko mnavyodhani inahitajika. Pili, maji ya bamvua yakipwa asubuhi ndipo akina mama hutoka kwenye miamba kuchokoa pweza na kukusanya chaza. Hiyo ni riziki yao na wamekuwa pale kabla yenu, kwa hiyo kamba, mikoba na viatu visizibe njia zao. Tatu, na hili ndilo aliloligusia yule mzee, maji yakijaa hufunika matope na mchanga ambamo ndege wa pwani hula, na ndege hao hukusanyika kwenye vipande vichache vya mwamba vilivyobaki juu ili wapumzike.

Kati ya Agosti na Aprili wengi wa ndege hao ni wageni. Sululu na vitwitwi hutoka mbali kaskazini, na yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mzito anayekula kaa hutaga katika mashimo ya mchanga kwenye pwani za Bahari ya Shamu, Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, kisha huja kwetu kutafuta chakula. Hawana viota hapa, na kwa sababu hiyo wapandaji hudhani kwamba kuwashtua si kitu. Lakini ndege anayerushwa kila baada ya muda mfupi wakati wa kupumzika hutumia mafuta ya mwili aliyoyatunza kwa safari ya kurudi. Genge ambalo maji yakijaa hugeuka kituo cha ndege lipandwe maji yakipwa, au lisipandwe kabisa.

Upepo nao uzingatiwe. Wakati wa kusi mawimbi hupiga kwa nguvu magenge yanayotazama bahari kuu, na boti haiwezi kusogea karibu kwa usalama. Utulivu mzuri hupatikana wakati wa maleleji, kati ya pepo mbili kuu za kusi na kaskazi.

Hatua ya nne: Siku ya darubini

Hii ndiyo hatua ninayotaka msomaji aitumie muda mwingi kuliko zote. Fika alfajiri, ukae mbali na genge mahali unapoweza kuliona lote, jua likiwa nyuma yako, mgongo ukiwa kwenye kichaka ili umbo lako lisijitokeze angani. Kaa hadi saa tatu asubuhi, kisha rudi kuanzia saa kumi alasiri hadi magharibi, kwa kuwa nyakati hizo ndipo ndege wenye makinda hufanya safari nyingi. Chora genge zima kwenye daftari kwa mistari michache, uligawe katika sehemu zenye alama, na kila ndege anayeingia au kutoka umwekee alama mahali pake.

Dalili za kiota hazifanani. Ndege aliyebeba jani, nyasi au unyoya anajenga. Ndege aliyebeba mdudu au samaki mdomoni bila kummeza, akaingia ufani na kutoka mdomo mtupu, ana makinda. Michirizi mipya ya kinyesi cheupe chini ya tundu moja, ilhali matundu jirani ni makavu, inaonyesha kwamba tundu hilo lina mwenyewe. Ndege anayepiga kelele juu ya kichwa chako, anayekurukia, au anayejiburuta chini akijifanya amevunjika bawa, anakuambia kwamba umeshafika karibu mno. Dalili iliyo ngumu kuliko zote ni ukimya, kwa sababu ndege anayeatamia hutulia na hukutani naye macho kwa macho mpaka uwe umesimama juu ya kiota chake. Kwa hiyo genge lisihukumiwe kuwa tupu kwa asubuhi moja.

Teleka mdogo, yule mweusi mwenye kiuno cheupe ambaye wakazi wa Tanga humwona pia chini ya madaraja na kwenye dari za majengo ya zamani, anahitaji maelezo ya pekee. Ukielekeza darubini chini ya upenu utaona mafungu ya kijivu yaliyobandikwa mwambani, moja likigusana na jingine, kila moja likiwa na mdomo mwembamba kando. Yametengenezwa kwa manyoya na nyasi alizozidaka teleka hewani, akazigandisha kwa mate yake. Ukitulia utaona mkia mfupi ukitokeza, kisha ndege anajiachia, anashuka kidogo na kushika hewa. Viota hivyo havitumiki kwa kutaga tu: teleka hulala humo mwaka mzima, na hurudia kiota kilekile kwa uzazi baada ya uzazi. Maana yake ni kwamba hakuna mwezi ambao upenu wenye viota vya teleka uko wazi kwa mpandaji. Upenu huo ufungwe moja kwa moja, na wapandaji watafute ukuta mwingine.

Buabua, ndege wa baharini, ni habari nyingine. Wao hutaga kwenye visiwa vidogo na miamba iliyotengwa na bahari, mara nyingi juu ya mwamba mtupu au mchanga, bila kujenga chochote cha kuonekana, na yai lina madoa yanayolifananisha na jiwe. Mpandaji anayefika kileleni akiwa amechoka na kukaa chini kupumzika anaweza kukalia mayai. Hata asipoyakalia, mzazi akiruka jua la pwani huanza kulipika yai lililoachwa wazi, na kinda asiye na manyoya huzidiwa na joto kwa muda mfupi sana. Halafu yupo kunguru wa Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima. Kunguru hufuata watu na amejifunza kwamba palipo na mtafaruku pana chakula. Mtu anaweza kuwarusha buabua bila kugusa yai hata moja, akaondoka akiamini kwamba hakuna alichoharibu, ilhali kunguru watatu wanashuka nyuma yake.

Wapandaji waliosoma miongozo ya nje huniuliza tarehe za kufunga na kufungua magenge. Uingereza wanazo. Kwenye magenge ya Pembroke na Gogarth huko Wales, baraza la wapanda milima na mashirika ya uhifadhi wamekubaliana kufunga sehemu fulani, aghalabu kuanzia Februari au Machi hadi mwisho wa Julai au katikati ya Agosti. Utaratibu huo unafaa kwao kwa sababu ndege wao wa magenge huja kutaga kwa pamoja majira ya joto yanapokaribia, wakiwemo wale wanaotaga yai moja tu juu ya mwamba bila kiota, kisha huondoka kwa pamoja kurudi baharini. Tanga iko nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta. Hapa ndege mmoja hufuata mvua za masika, mwingine vuli, mwingine huvizia miezi ya kusi wakati samaki wadogo wanapokuwa wengi, na wengine huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kunakili tarehe za Wales na kuzibandika Ras Kazone kutawapa watu uhakika usiokuwepo. Tunachoweza kuwaiga ni makubaliano yao, yaani kwamba wapandaji wenyewe walikaa na wahifadhi, wakagawa genge sehemu kwa sehemu badala ya kulifunga lote au kuliacha lote, na kwamba sehemu iliyofungwa inaheshimiwa na wapandaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Tarehe zetu zitatoka kwenye daftari la darubini.

Droni isitumike kukagua viota. Kwa ndege wengi kitu kinachoelea juu yao ni adui, na isitoshe urushaji wa droni nchini unahitaji kibali chake.

Hatua ya tano: Weka mpaka

Baada ya siku za kutazama, rudini kwa mtendaji na BMU mkiwa na mchoro. Kila sehemu iwe na moja ya hukumu tatu: inapandwa, haipandwi hadi makinda waruke, au haipandwi kabisa. Kwenye shaka, sehemu iende kwenye hukumu kali zaidi. Mpaka uwe kitu kinachoonekana mwambani, kama ufa mkubwa au pembe ya genge, wala usiwe idadi ya mita ambayo hakuna atakayeipima akiwa ananing'inia. Msipake rangi.

Hatua ya sita: Vifaa vinavyofaa mwamba wa matumbawe

Mwamba huu hukata. Kingo zake ni kali kiasi cha kumaliza kamba kwa kusuguana mara chache, kwa hiyo kila mahali kamba inapopinda juu ya ukingo pawekwe gunia lililokunjwa au kipande cha mpira wa bomba la maji kilichopasuliwa kwa urefu. Kofia ngumu ivaliwe na mpandaji, na mshika kamba pia, kwa kuwa vipande humeguka bila onyo. Kabla ya kuuamini mshiko, ugonge kwa kiganja: unaotoa sauti ya mvungu uachwe.

Kuhusu bolti, yaani vyuma vinavyotobolewa mwambani ili kushikilia kamba, ushauri wangu ni kutozitumia. Mbali na suala la sheria, bahari ya tropiki ina tabia mbaya na chuma. Hata chuma cha pua, ambacho watu hukiamini kwamba hakishiki kutu, kikikaa kwenye mwamba wa chokaa karibu na maji ya chumvi hupasuka ndani kwa ndani huku uso wake ukionekana mzima, na siku moja hukatika kwa uzito wa mtu mmoja. Jambo hilo limewatokea wapandaji wa Railay huko Thailand, wakalazimika kuanza kubadilisha bolti zao na kuweka za titani zilizogandishwa kwa gundi. Kwa magenge mafupi kama yetu inatosha kufunga kamba juu, kwenye shina imara au kwenye nguzo za mwamba zilizokaguliwa, kwa mikanda mipana isiyochubua gome. Mikoko isifungwe kamba, na mti wenye kiota usiguswe. Kiota kikubwa cha matawi juu ya mbuyu kinaweza kuwa cha furukombe, hata kama siku hiyo hayupo.

Kuna wanaopenda kupanda bila kamba juu ya maji na kujiachia baharini. Kwa Tanga hilo lisifanyike mpaka mtu awe amepiga mbizi na kuona sakafu kwa macho yake maji yakiwa safi, kwa kuwa chini ya upenu mara nyingi kuna mawe yaliyoanguka na matumbawe hai.

Hatua ya saba: Siku ya kupanda

Kundi lisizidi watu sita. Muziki usiwepo. Mabaki ya chakula yarudi mjini yote, hata ganda la chungwa, kwa sababu kunguru anayezoea kula kwenye genge atabaki pale ninyi mkishaondoka. Nahodha azime injini mapema na kusogea kwa pondo au makasia, asiikaribie sehemu iliyofungwa hata kama ndiyo njia fupi. Kila aliyemo chomboni avae jaketi la kuokolea, akiwemo yule anayejua kuogelea.

Mtu mmoja asipande. Kazi yake iwe kutazama ndege kwa darubini muda wote, na awe na mamlaka ya kusimamisha kila kitu kwa neno moja. Akiona mzazi amekaa nje ya tundu na chakula mdomoni, akisita kuingia, watu washuke na kurudi nyuma mpaka ndege aingie. Dakika kumi zikipita bila mzazi kuingia, kundi liondoke eneo hilo.

Ukiwa juu ya njia ukakuta kiota ambacho darubini haikukiona, usikiguse, usipige picha, usiite wenzako waje kuona. Sema "kiota" kwa sauti ya kawaida, ushushwe polepole kwa njia uliyopandia ikiwa haipiti karibu zaidi na kiota, na njia hiyo ifungwe kuanzia dakika hiyo. Kinda aliyekwisha kuanguka, mwenye manyoya kamili na macho maangavu, mara nyingi bado analishwa na wazazi. Aachwe kivulini karibu na alipopatikana. Asiye na manyoya arudishwe kiotani ikiwa tu kinafikika bila kuvuruga vingine. Asichukuliwe nyumbani.

Kwa ajali, mjulishe nahodha kwanza, kisha piga 112. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo iko karibu na bahari upande wa jiji. Michubuko ya matumbawe ioshwe mapema kwa maji safi na sabuni hata ikionekana midogo, kwani huoza haraka.

Hatua ya nane: Taarifa

Ndani ya wiki moja andika ukurasa mmoja: tarehe, hali ya maji, watu waliopanda, sehemu zilizopandwa, ndege walioonekana, na kila mara kazi iliposimamishwa na sababu yake. Mahali halisi pa kiota pasitajwe kwenye mitandao, na picha zenye kuonyesha genge na kiota pamoja zisisambazwe, kwa kuwa mayai na makinda yana wateja. Taarifa hiyo ipelekwe kwa mkono. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, ya pili ofisi ya hifadhi, ya tatu BMU, na ya nne ikae na kikundi pamoja na mchoro wa genge, ili kundi lijalo likija kuuliza upenu upi umefungwa lionyeshwe karatasi na kutakiwa kuanza, kama wengine wote, kwa siku ya darubini.